Mdogo wangu yuko Kampala: tupige kelele au tunyamaze?

«Mimi ni dada mkubwa wa kijana aliyekuwa mwanaharakati hapa Bukavu. Kwa miaka mitatu aliandika majina ya watu waliokamatwa katika komini yetu na kupeleka ripoti kwa mashirika. Mwaka jana walikuja kumtafuta usiku, mara mbili, hawakumkuta. Akavuka, sasa yuko Kampala. Tulidhani mambo yameisha. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema mtu asiyemjua alimwita njiani kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo ni sisi tu tunalitumia, na tangu siku hiyo halali vizuri. Familia imegawanyika. Binamu yetu aliye Ubelgiji anataka kuanzisha kampeni: picha yake, jina lake, habari zake zote, ili dunia ijue. Baba mdogo anasema tukithubutu watatumaliza sisi tuliobaki, na tena mdogo wangu atanyang'anywa ukimbizi, kwa sababu kule wakimbizi wamekatazwa siasa. Yeye mwenyewe anasema amechoka kunyamaza. Mama analia tu, anauliza kwa nini HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haimpeleki Kanada. Tupige kelele au tunyamaze? Na mtu aliyekwisha kuvuka mpaka bado anahitaji kutetewa?»

Dada yangu, pole sana, na umpe mama pole yangu.

Kabla sijajibu, nikuambie nilichofanya na barua yako. Uliandika mtaa anaokaa mdogo wako, ukaandika na kanisa anakosali Jumapili na saa ya misa. Nimeyafuta yote hayo, kisha barua yenyewe nimeiondoa kwenye simu yangu. Mji nimeuacha kwa kuwa Kampala ina Wakongo wengi mno, na bila mji jibu langu lingekuwa maneno ya hewani. Hukufanya kosa, uliniandikia kama mtu anavyomweleza daktari. Lakini karibu jibu langu lote limelala hapo. Kuna jambo analolitetea, na kuna mwili wake. Jambo linatakiwa lisikike kila mahali. Mwili unatakiwa usijulikane ulipo. Nyumbani kwenu mnabishana kana kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja: binamu anatetea sauti, baba mdogo anatetea uhai, na kila mmoja anasema kweli kwa upande wake.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalowadanganya wengi. Kuvuka mpaka ni kupata pumzi tu. Kampala haiko mbali na sisi. Mabasi ni yale yale, Kiswahili ni kile kile, mtu aliyekuwa jirani yako Kadutu unaweza kukutana naye anauza vitenge kule. Anayekutafuta ana ndugu kule pia. Na miaka hii tumeona kwa macho kwamba hata watu wenye majina makubwa huchukuliwa wakiwa ugenini. Novemba 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa siku nyingi wa Uganda, alitoweka akiwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 2025, Nairobi hiyo hiyo, Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeishi uhamishoni, alikamatwa mchana na watu wenye silaha, akaachiwa baada ya saa chache. Alieleza baadaye kwamba walitaka kufungua simu yake. Agosti 2020 Paul Rusesabagina, mpinzani wa serikali ya Rwanda aliyeishi uhamishoni, alipanda ndege Dubai akiamini anakwenda Bujumbura. Ikatua Kigali.

Sikutajii haya ili nawe usilale. Wakongo wengi wanaishi Uganda kwa amani miaka na miaka, na aliyemwita kwa jina la nyumbani anaweza kuwa mtoto waliyesoma naye Bagira, aliyewahi kulisikia kwenu. Nayataja ili ujue kwamba hofu ya mdogo wako ina msingi, na isipokelewe kwa «acha woga, umeshafika». Mtu aliyesema anafuatwa huulizwa maswali: siku gani, saa ngapi, mahali gani, huyo mtu alivaa nini, alikuja kwa miguu au kwa pikipiki? Ayaandike kwenye karatasi siku hiyo hiyo, maana kumbukumbu ya mtu asiyelala huchanganyika. Likitokea mara ya pili, karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya aaminiwe.

Sasa kelele. Watu wengi hudhani kampeni inafanya kazi kwa kuamsha huruma. Huruma huleta watu, lakini kinachomlinda mtu ni hesabu. Anayetaka kumdhuru mtetezi hupima: nikimgusa huyu nitalipa nini? Mtu asiyejulikana na yeyote ni rahisi kumpoteza. Zikija barua elfu tatu mezani kwa waziri, balozi akiuliza, mfadhili akichelewesha fedha, bei inapanda, na mara nyingine inapanda mpaka mtu anaachiwa. Ndivyo ilivyoanza mwaka 1961, wakili Mwingereza Peter Benenson alipoandika gazetini kuhusu wafungwa waliosahauliwa, na Amnesty International ikazaliwa. Mwaka 1973 wakaanza barua za haraka, za kwanza kwa ajili ya profesa mmoja wa Brazil aliyekamatwa, kwa sababu walikwisha kujifunza kwamba mateso makali huja siku za mwanzo.

Sisi wenyewe tuna ushahidi. Tarehe 15 Machi 2015, Fred Bauma, kijana wa LUCHA, harakati ya vijana, kutoka Goma, alikamatwa Kinshasa pamoja na Yves Makwambala na wengine. Wakabebeshwa mashitaka mazito, ya njama dhidi ya mkuu wa nchi. Vijana wa Goma walikaa mbele ya ofisi, wakapigwa, wakafungwa, wakarudi tena. Barua zikatoka duniani kote, Bunge la Ulaya likapaza sauti. Wakatoka mwishoni mwa Agosti 2016, baada ya miezi 17. Miezi 17 ni mingi, lakini walitoka wazima.

Na sasa upande ambao wapiga kampeni hawapendi kuueleza. Ken Saro-Wiwa alijulikana dunia nzima, Nigeria ikamnyonga tarehe 10 Novemba 1995. Floribert Chebeya alikuwa mtetezi anayejulikana kuliko wote Kongo. Juni 2010 maiti yake ilikutwa Kinshasa, na dereva wake Fidèle Bazana hajaonekana mpaka leo. Hapa kwetu, Pascal Kabungulu wa Héritiers de la Justice, shirika la haki za binadamu, aliuawa nyumbani kwake Bukavu, Julai 2005. Alikuwa na jina, alikuwa na marafiki nchi za nje. Kujulikana kunapandisha bei, lakini kuna watu walio tayari kulipa bei yoyote, na kuna wanaoamini kwamba bei hiyo haitawafikia.

Kwa hiyo kila mara ninauliza jambo moja kabla ya kumshauri mtu: kwa wakati huu, huyu tunayemtetea yuko mikononi mwa nani? Akiwa ameshikwa, adui tayari anajua alipo; kunyamaza hakumfichi, kunamsaidia aliyemshika. Hapo piga kelele, na uanze saa ile ile. Maria Sarungi aliachiwa haraka kwa sababu wenzake hawakungoja kesho. Lakini akiwa amejificha, au amevuka na bado hajasimama vizuri, kilicho kati yake na wanaomtafuta ni kimoja tu, kwamba hawajui alipo. Kampeni ya binamu ingewapa hicho bure.

Nikueleze kisa changu, maana nilikosea mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja aliyekimbilia mji wa jirani. Waliokuwa wanamtetea ng'ambo, watu wa nia njema kabisa, waliomba picha ya kuwekwa mtandaoni. Wakanitumia niitazame kwanza. Nikatazama uso: ulikuwa mzuri, mtulivu, nikasema sawa. Alikuwa amekaa kwenye baraza. Nyuma yake kulikuwa na tangi la maji la buluu juu ya paa, na chini kidogo bango la duka la dawa, herufi nne za mwanzo zikisomeka. Siku ya nne wanaume wawili waliingia katika duka hilo wakionyesha picha ile ile kwenye simu, wakiuliza kama kijana huyo ni mteja. Muuza dawa alijibu hamjui, wakati alikuwa amemuuzia dawa ya malaria juzi yake. Tulimhamisha usiku, godoro tukaliacha. Tangu siku hiyo, picha yoyote naitazama kuanzia pembeni, uso nauacha mwisho.

Binamu yako wa Ubelgiji usimfukuze. Ana nguvu, ana wakati, ana pasipoti ambayo hakuna wa kumnyang'anya. Mpe kazi inayomfaa. Aandae kampeni kamili na kuiweka akiba. Awe na picha moja safi, ukuta mtupu nyuma. Awe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, tarehe ya kuzaliwa, jina la wakili wa Kampala, na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Awe na orodha ya watu 20 wa kupigiwa simu: waandishi wa habari, mashirika, ofisi za wabunge wa huko aliko. Kisha mdogo wako akubaliane na mtu mmoja, wewe au mwingine, kutuma neno moja kila jioni saa waliyopanga. Neno lisipokuja, na simu isipopatikana baada ya muda mliokubaliana, binamu anafungua kila kitu usiku huo huo, bila kuitisha kikao cha familia. Saa sita za kwanza ni mali. Familia nyingi huzipoteza zikibishana nani ana namba ya nani.

Mdogo wako anasema amechoka kunyamaza. Namwelewa kabisa. Mtu aliyeandika majina ya waliokamatwa kwa miaka mitatu, ukimwambia akae kimya chumbani, unamuua kwa njia nyingine. Lakini kuna namna ya kusema bila kujionyesha. Ripoti zake zinaweza kutoka kwa jina la shirika. Anaweza kutoa ushahidi kwa siri kwa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na kwa wachunguzi wake. Binamu, kama anataka kampeni ya wazi leo, afanye kampeni ya wale waliokamatwa, wale ambao majina yao yako katika daftari la mdogo wako na familia zao zimekubali. Hao ndio wanaohitaji kelele sasa hivi, na nadhani hata yeye angefurahi zaidi kuwaona hao wakitajwa kuliko kujiona mwenyewe.

Na nikuulize: hilo daftari liko wapi? Kama liko nyumbani, chini ya godoro au ndani ya gunia la maharagwe, familia yenu iko hatarini, na kila aliyeandikwa humo yuko hatarini pamoja nanyi. Msilichome, maana siku moja litahitajika mahakamani, na karatasi ya asili ina uzito ambao picha ya simu haina. Lipigwe picha, picha zipelekwe kwa shirika lenye mahali salama pa kuzihifadhi, halafu lenyewe litoke nyumbani kwa mkono wa mtu asiyehusishwa nanyi. Picha zikishafika, zifutwe kwenye simu, na zifutwe pia katika lile kapu la vilivyofutwa, ambalo watu hulisahau.

Sasa hofu ya baba mdogo kuhusu ukimbizi. Hajalitoa hewani. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Kongo na Uganda zote zimo, unasema katika kifungu cha 3 kwamba mkimbizi ajiepushe na vitendo vya uchochezi dhidi ya nchi mwanachama, na unawataka wenyeji wamzuie kushambulia nchi nyingine kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Ndiyo, magazeti na redio vimetajwa pamoja na silaha. Ulikuwa wakati ambapo serikali changa ziliogopa wapinzani waliokaa ng'ambo ya mto. Maofisa wengi wamelibeba hilo kichwani na kulifupisha: «mkimbizi asifanye siasa».

Lakini kusema kwamba fulani alikamatwa tarehe fulani na mpaka leo hajafikishwa mbele ya hakimu si uchochezi. Ni ushahidi. Tamko la Umoja wa Mataifa la Desemba 1998 kuhusu watetezi wa haki za binadamu linampa kila mtu haki hiyo, na halisemi haki hiyo inaishia mpakani. Mkataba huo huo wa 1969 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake au uhuru wake uko hatarini. Hata hivyo sitakuficha: ofisa aliye mezani hatapima maneno kama wakili. Akiona mkimbizi yuko kwenye picha na bendera ya chama, au anahutubia wenzake kuhusu kuangusha watu fulani, ataandika siasa. Kwa hiyo mdogo wako ajiepushe na vyama, na makundi ya WhatsApp ya diaspora yanayochanga fedha za mapigano, na hotuba za matusi. Ukweli wa watu waliokamatwa aushike bila woga.

Kuna jambo ninalitilia shaka katika kesi yake, na ningependa umuulize kwa utaratibu. Alipojiandikisha, alisema nini? Wakongo wengi wanaotoka mashariki hupokelewa Uganda kwa sababu ya vita, bila kuulizwa sana. Mwanaharakati akifika amechoka, na akiogopa kwamba mkalimani ni mtu wa kwao, husema «nimekimbia vita» na kupewa karatasi. Siku hiyo inakuwa nafuu. Baadaye hatari inapomfuata, anakwenda kuomba ulinzi, faili linafunguliwa, na ndani yake hakuna neno hata moja kuhusu kazi yake wala zile mara mbili walizokuja usiku kumtafuta. Ofisa anaona mtu anayebadilisha hadithi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama ndivyo ilivyokuwa, arudi katika ofisi ya wakimbizi, ile iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, aombe kuongeza maelezo, na akipenda aombe mkalimani mwingine. Ana haki ya kuomba hivyo. Asiende peke yake. Kampala kuna Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, mawakili wanaojua njia hizi na wanaosaidia wakimbizi bila malipo. Aende na barua ya shirika alilofanya kazi nalo, nakala za ripoti, na kila karatasi ya wito aliyowahi kupokea.

Kuna mitego miwili ambayo imewaponza watu ninaowajua. Mmoja ni pasipoti: asiende ubalozi wa Kongo kuifanya upya bila kumuuliza wakili, kwa maana inaweza kusomwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi yake. Wa pili ni msiba. Mtu anafiwa, moyo unamvuta, anapita mpaka wa Bunagana, anakaa siku mbili kuzika na kurudi. Kurudi kwa hiari nyumbani kunaweza kuvunja ukimbizi wake wote, mbali na hatari ya njiani. Ongeeni mapema na mama kuhusu hilo, ingawa ni mazungumzo magumu.

Nani anaweza kumsaidia? Front Line Defenders, yenye makao Dublin, na ProtectDefenders, mpango wa mashirika kadhaa unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hutoa msaada wa dharura: kodi ya nyumba nyingine, simu mpya, matibabu, au kumhamisha mtetezi kwa muda. DefendDefenders ofisi yake iko Kampala kwenyewe, na aliyeianzisha, Hassan Shire, ni Msomali aliyewahi kukimbia kwao, kwa hiyo pale wanajua mtu akisema halali usiku anamaanisha nini. Wote watachunguza kwanza. Wataomba watu wawili watatu wanaomfahamu kwa kazi yake, watapiga simu, itachukua siku. Asikasirike: uchunguzi huo ndio unaowazuia wadanganyifu kumaliza fedha za watu kama yeye. Na hakuna hata mmoja anayeomba malipo. Mtu akimwambia ana mkono ndani ya HCR na anataka dola 300 kusukuma faili, huyo ni mwizi, na pengine ni zaidi ya mwizi.

Ipo pia njia ya mripoti maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, na mwenzake wa Tume ya Afrika. Huyo wa Umoja wa Mataifa anaweza kuiandikia serikali husika. Barua hubaki siri kwa siku 60, kisha huwekwa hadharani. Basi kabla ya kupeleka habari zake, mdogo wako aseme wazi, kwa maandishi, kama anakubali jina lake litajwe kwa serikali na kama anakubali litangazwe. Hiyo ni ridhaa yake yeye peke yake, hata wewe huwezi kumsemea.

Kuhusu Kanada, mwelezeni mama taratibu. HCR haina Kanada ya kugawa. Inapendekeza majina, nchi zenyewe ndizo huchagua, na kwa mwaka wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki hata mkimbizi mmoja kati ya 100 duniani. Marekani, iliyokuwa ikipokea Wakongo wengi, ilisimamisha mpango wake Januari 2025. Faili lenye ushahidi wa hatari linaweza kupewa kipaumbele, ndiyo sababu nimekazania faili. Lakini asikae akingoja ndege. Kwa mtu aliye katika hali yake, kuhamishiwa kwa miezi kadhaa katika mji mwingine wa Afrika, kwa msaada wa mashirika niliyotaja, kunakuja upesi zaidi na mara nyingi kunatosha kuwapotezea njia wanaomfuata.

Nirudi kwa baba mdogo, kwa sababu hofu yake kwa ninyi mliobaki ni ya haki. Tangu Februari 2025 mji wetu uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walikwisha kuondoka Kivu Kusini Juni 2024. Kuna sheria ya taifa ya Juni 2023 inayomlinda mtetezi wa haki za binadamu, na mkoa wetu ulitangulia kwa hati yake ya mwaka 2016. Nilizifurahia siku zake na bado nasema ziheshimiwe. Lakini msizihesabu kama kinga wakati huu. Kwa hiyo jina la familia lisiwemo katika kampeni yoyote, wala picha ya nyumba, wala ya mama akilia, hata kama binamu anasema picha ya mama ndiyo inayogusa watu. Anayesema hadharani awe yule aliye mbali, ambaye hakuna wa kumgongea mlango.

Watu huniuliza kuhusu daktari Mukwege, yule anayewatibu wanawake waliobakwa. Mbona yeye alisema wazi na akarudi? Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake hapa Bukavu, mfanyakazi wake mmoja akauawa, yeye akatoka nchini na familia yake. Wanawake wa Idjwi wakauza mananasi na vitunguu wakachanga tiketi ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi, na watu walijaa njiani kumpokea. Kwa kweli ile ilikuwa kampeni nzuri kuliko zote nilizoziona, na hakuna mtu wa nje aliyeipanga. Lakini alirudi kuishi ndani ya hospitali yake, chini ya walinzi, akiwa anajulikana katika kila ikulu ya dunia. Mdogo wako hana hivyo. Msimpime kwa kipimo hicho, na msimwonee haya kwa kukaa ugenini.

Kuna mambo ambayo yakitokea, asiniandikie mimi wala asingoje jibu la yeyote kwa barua. Akimwona mtu yule yule mara ya pili katika sehemu mbili tofauti. Akipigiwa simu na mtu anayejiita ofisa akimtaka wakutane hotelini au kwenye gari badala ya ofisini. Akipewa ghafla tiketi, kazi, au mwaliko wa kongamano katika nchi jirani kutoka kwa watu asiowajua, mkumbukeni Rusesabagina. Siku hiyo hiyo alale mahali pengine, aende mwenyewe kwa wakili wake au DefendDefenders, na akishafika huko ndipo atoe taarifa polisi akiwa na mtu wa kumshuhudia. Na huko kutolala, amwone daktari au mshauri wa mambo ya akili. Kunatibika, na mtu aliyelala vizuri hutambua hatari ya kweli upesi kuliko aliyekesha wiki tatu.

Wewe mwenyewe, dada, usijue tena mtaa wake. Mwambie ahame pale ulipoandika, na akihama asikutajie. Ukiulizwa siku moja, utajibu hujui, na itakuwa kweli. Mama naye, majirani wakimuuliza sokoni Nyawera kijana wake yuko wapi, ajibu kwamba amesafiri kutafuta kazi, kisha aulizie bei ya ndagala.